Blanketi Zito

Mashine ya kusajili laini za simu imenikataa mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nikiingia pale dukani, binti wa kaunta ananivutia kiti kabla hatujamaliza kusalimiana. Naweka kidole gumba, mashine inalia. Naweka cha shahada, inalia tena. Binti anakipangusa kwa kitambaa, anakipaka mafuta kidogo, ananiambia nikandamize, kisha ananiambia nisikandamize, na mwishowe anasema kwa ule upole wanaotunziwa watu wa umri wangu, "Mama, vidole vyako havisomeki." Nimeuza kopi na bahasha Kimandolu, hapa Arusha, karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na karatasi zimenila alama kimyakimya. Kwa upande wa mashine, mimi ni mwanamke asiye na vidole.

Nalitaja hili mapema ili mtu asije akaniuliza baadaye kama sikujijua. Nilijijua. Mtu ambaye vidole vyake havitambuliki hata na mashine alitakiwa akae mbali na kazi inayotegemea vidole. Mimi nikaenda kujifunza kufuma.

Karibu na Makumira, ukiacha lami na kuingia ndani kidogo, kuna karakana ya akina mama wanaofuma kwa mkono mitandio, mablanketi na vitambaa vya meza. Walikuwa wananiletea kazi ya kuchapa lebo, na siku moja nikazipeleka mwenyewe, kwa sababu nilichoka kuchapa "kimefumwa kwa mkono" bila kuuona huo mkono. Nikakuta mitambo ya mbao imepangwa bandani. Juu ya kila mtambo zimetandwa nyuzi kutoka mwanzo hadi mwisho, zimebanana kama waya za kuanikia nguo, hizo ndizo wanazoziita mtande. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa anapitisha uzi mwingine katikati yake, huku na huku, kisha anaugonga kwa kitana kikubwa cha mbao ili ukae karibu na mwenzake. Wakati wote huo alikuwa anaongea na simu. Mikono yake hakuitazama hata mara moja. Nikasema moyoni, kumbe kazi yenyewe nyepesi hivi.

Mtambo wanauita kitanda. Kitanda cha kufumia, ukitaka kulisema jina lote, lakini nani ana muda. Jirani yangu alinisikia nikimwambia msichana anayenisaidia dukani kwamba Jumamosi nzima nitakuwa kitandani Makumira, na kwa muda mrefu baada ya hapo wanawake wa jumuiya yetu walikuwa wananisalimia kwa kunitazama pembeni. Sikuwasahihisha. Katika umri wangu, kushukiwa ni heshima.

Mwalimu wangu pale karakana alikuwa mama mdogo kuliko mimi, mcheshi, mwenye subira ya mtu aliyelea mapacha. Somo lake la kwanza lilikuwa fupi. "Gusa kwanza, mama. Usitazame sana. Kitambaa kinasikika mkononi kabla hakijaonekana." Nikaitikia kwa kichwa, kisha nikavaa miwani yangu na kutazama kwa nguvu zangu zote.

Mnielewe. Mimi ni mtu wa kopi. Karatasi ikipinda kidogo kwenye mashine, mteja anairudisha. Jicho langu limefundwa kwa ukali kutambua ukingo uliopinda, na nilipoona kingo za kitambaa changu zinataka kuyumba, nilivuta uzi. Zikiyumba tena, nilivuta zaidi na kugonga kwa kitana kwa hasira ya haki. Kingo zikanyooka kama rula. Mwalimu akapita nyuma yangu, akabonyeza kitambaa kwa kidole, akasema, "Mama, unafuma au unaua nyoka?" Nilidhani ananitania kwa wivu.

Mtandio wangu wa kwanza niliusimamisha mezani nao ukasimama. Nilimpa kijana wangu, naye akauvaa siku moja kwenda kazini, akarudi na shingo nyekundu. Wiki iliyofuata nilimkuta anaufutia tope kwenye pikipiki yake. Alipogundua nimeona, akasema unafuta vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kununua. Nikaamua kwamba hiyo ni sifa.

Huyu ninayemwita kijana wangu ni mtoto wa kaka yangu. Mama yake alitangulia, kaka akafuata, na mtoto akaletwa kwangu akiwa bado ana pengo la meno ya mbele, amebeba begi kubwa kuliko mgongo wake. Ananiita shangazi kwa sababu ndivyo nilivyo. Mengine yote ya mama nilifanya bila cheo. Sikuolewa, na sitaki kuhurumiwa kwa hilo. Nyumba yangu haikuwahi kuwa kimya kwa sababu yeye alikuwamo, na nilizoea hivyo, kama mtu anavyozoea redio. Alisomea mambo ya mifugo Tengeru, akapata kazi, na huko huko Tengeru akapata binti wa Kimeru ambaye kwao ni juu mlimani, kwenye kahawa na migomba. Sisi ni Wachaga wa Machame. Tulipopata habari, ndugu zetu walisema afadhali, Wameru ni kama sisi, tofauti ni kwamba wao wanajua kunyamaza.

Mshenga wetu, mzee wa kanisa mwenye koti moja la shughuli zote, alipanda kwenda kwao mara kadhaa. Mambo ya mahari yakaenda taratibu na vizuri. Kikwazo kilikuwa kimoja. Binti yule amelelewa na bibi yake, na kwa desturi za huko kwetu kote, blanketi la bibi linatangulia. Bibi akilipokea, mazungumzo yanafunguliwa. Asipolipokea, hata mngekuja na ng'ombe wamevaa tai, mnakunywa chai mnarudi nyumbani. Tukamuuliza mshenga bibi anataka blanketi la namna gani. Akasema amemuuliza, na bibi alijibu neno moja.

"Zito."

Kila mtu akajua la kufanya. Pale sokoni kuna mablanketi ya manyoya, yamefungwa kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, yana picha ya chui anayekutazama kama anakudai. Arusha nzima inaoa kwa mablanketi hayo. Kijana wangu alishatoa pochi mfukoni. Nikamwambia airudishe. Nikasimama katikati ya sebule yangu, mbele ya ndugu, nikatangaza kwamba blanketi la bibi nitalifuma mimi, kwa mikono yangu. Wakanyamaza, na kwa kuwa hawakuwa Wameru, nikadhani wameguswa.

Nilinunua sufu nene ya kondoo, nikaikunja mara mbili ili iwe nene zaidi. Nilitanda mtande wa karibu karibu. Nikavaa miwani, nikakaa kitandani, nikaanza kugonga. Neno la bibi lilikuwa linanilia kichwani kama kengele: zito, zito, zito. Kila Jumamosi na kila jioni nilipoweza kufunga duka mapema, niligonga. Mwalimu alikuwa anakuja, anaweka kiganja juu ya kazi yangu, anafungua mdomo, anaufunga. Mara moja tu alisema, "Mama, hii ni ya kujifunika au ya kuzuia risasi?" Nikamjibu kwamba mteja anataka zito.

Kazi ikiwa imefika katikati, nilikalia miwani yangu. Sitafuti namna nzuri ya kulisema hilo. Niliiweka kwenye kiti, nikainuka kunywa chai, nikarudi nikaikalia. Fundi wa miwani mjini akasema nimwachie. Siku ya kwenda kwa bibi ilikuwa imeshapangwa, na sikuweza kusubiri, kwa hiyo kwa siku kadhaa nilifuma bila kuona. Nyuzi zilikuwa ukungu mbele yangu. Nilipapasa. Nilipitisha uzi, nikautafuta kwa ncha za vidole, nikaugonga kidogo tu kwa sababu niliogopa kugonga kile nisichokiona. Nilikuwa na aibu muda wote, kama mtu anayekula gizani akijua anajimwagia.

Miwani iliporudi, nikaona nilichofanya. Kipande kile chote, upana wa kama mikono miwili iliyonyooshwa, kingo zilikuwa zinayumba kama njia ya mlimani baada ya mvua. Ningekifumua lakini muda haukuwepo. Nikaendelea mbele kwa kugonga maradufu ili kulipia, nikamaliza, nikalikunja blanketi kwa ufundi, kile kipande cha aibu kikajificha ndani kabisa. Kisha nikalipeleka buchani jirani na duka langu, nikamwomba mwenye bucha alipime kwenye mizani. Mshale ukaruka. Akanitazama akaniuliza kama nimeacha mfupa ndani. Nikarudi nyumbani ninaimba.

Tulipanda mwezi wa saba, na Wameru wanaujua mwezi wa saba. Mvua ya manyunyu, ukungu umekaa kwenye migomba, pumzi zinaonekana. Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mkono karibu na mlango wa sebule, amevaa sweta juu ya sweta na kitenge juu ya yote. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyotegemea. Nilipiga goti nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akanishika mkono akaitikia marahaba, akakaa na mkono wangu muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akaurudisha kama mtu anayerudisha chenji.

Mzee wa upande wao akaomba, mshenga wetu akaomba, tukaimba pambio. Kisha blanketi likaletwa. Walilibeba wajomba wawili wa upande wetu, na sio kwa mbwembwe. Wakaliweka mapajani kwa bibi, na bibi akasukumwa nyuma kidogo pamoja na kiti chake.

Hakulitazama. Macho aliyaelekeza kwenye mvua pale mlangoni, na mikono yake ikaanza kutembea. Ilipita juu, ikapita chini, ikabana unene kati ya gumba na kidole, ikasugua.

"Zito," akasema.

Jamani, nilivimba. Upande wetu walipiga makofi, na wifi yangu mmoja akaachia kigelegele kilichowaamsha kuku. Nikaanza kutunga kichwani maneno ya unyenyekevu nitakayosema nikipongezwa.

"Na punda yuko wapi?" bibi akauliza.

Tukacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli. Alidhani tumeleta tandiko la punda, lile la kuweka mgongoni kabla ya madumu ya maji, na kama tandiko lipo basi punda naye hayuko mbali. Mjukuu wake, binti wetu, akainama akamnong'oneza kwa Kimeru. Bibi akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Wewe ndiye umefanya hii?"

"Ndiyo, bibi. Ulisema unataka zito."

"Nilisema zito la joto. Sikusema zito la mzigo."

Akataka avikwe. Wajomba wakamvika bila kulikunjua lote. Blanketi likasimama. Halikulala mabegani mwake, halikumfuata mgongo, lilisimama pande zote kama kibanda cha mlinzi, na uso wa bibi ukachungulia kwa juu. Upepo ukaingia kwa chini, nikamwona anatetemeka.

"Hii kitu hainishiki," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa na baridi. "Blanketi inakushika. Hii imekaa huko, mimi nimekaa huku."

Wakati wanamvua, mikono yake ikaingia kwenye mkunjo na kukuta kile kipande changu cha aibu. Ikasimama hapo. Akakivuta nje mbele ya watu wote, kingo zake zikiyumba hivyo hivyo, akakiweka shavuni. Natamani ningesema nilijua kinachokuja. Nilichofikiria ni kwamba sasa nimekwisha.

"Hapa alifuma nani?"

"Mimi, bibi."

"Hapana. Hapa ni mtu mwingine."

"Ni mimi, bibi. Sikuwa na miwani."

Akakaa nacho shavuni. Kisha akasema niletewe, sijui kwa nini alisema "niletewe" wakati alikuwa ananiambia mimi, niletewe hii, yote, kuanzia huku mpaka huku. Na mpaka ifike, mjukuu wake yuko hapa hapa anamchemshia chai. Wazee wao wakatupiga faini ya kreti la soda kwa kumletea bibi tandiko, tukaikubali, tukanywa chai, tukarudi.

Gari letu lilikuwa Noah ya kukodi. Blanketi lilikaa kwenye kiti chake peke yake, wima, kama abiria aliyenuna. Tulipofika Tengeru kijana wangu akageuka.

"Shangazi, umezingua. Kesho nanunua la chui, napanda nalo mwenyewe, tunamaliza hii kitu."

"Hukusikia alichosema bibi?"

"Nilisikia. Nilisikia pia mwalimu wako alikuonya. Mimi mwenyewe nilikwambia." Kisha akauliza kwa sauti ya chini ili wajomba wasisikie. "Au hutaki nioe?"

Nilimfokea. Nilimwambia mengi, kuhusu adabu, kuhusu karo, kuhusu uji. Nilifoka kwa sababu swali lilinichoma, na lilinichoma kwa sababu jibu halikuja haraka kama lilivyotakiwa kuja. Nilimpenda yule binti. Niliwaombea kila siku. Lakini nilipofika nyumbani nikaingia jikoni, nikakuta nimetoa sahani mbili kama siku zote, nikasimama nazo pale, nikalia kama mjinga. Nilikuwa naogopa nyumba yenye sahani moja. Siku zote zile za kugonga na kuvuta nilidhani ninafuma blanketi zito.

Asubuhi nilikwenda Makumira, nikavua miwani, nikamkabidhi mwalimu.

"Usinipe hata nikiomba," nikamwambia.

"Utaomba," akasema, akaitia kwenye mfuko wa aproni yake.

Niliomba kabla ya saa ya chai.

Sitadanganya kwamba vidole vyangu vilifunguka kwa muujiza. Vilikuwa vile vile visivyosomeka. Nilikata uzi nisioujua, nikafunga fundo pasipo na kitu. Siku moja mwalimu alicheka mpaka akakaa chini, kwa sababu nilikuwa nimefumia ndani ya blanketi shungi la wigi langu mwenyewe, na ilibidi alikate nikiwa nimeinama pale kama mbuzi aliyenasa. Lakini kidogo kidogo nikaanza kupata habari. Sufu ya asubuhi ina unyevu, inateleza polepole na kubaki na mafuta kidogo kwenye ngozi. Ya mchana ni kavu, inakukwaruza, inataka uiache. Uzi wa mtande uliolegea unazama ukiupitishia kiganja, na uliokazwa kupita kiasi unakurudisha, kama mtoto asiyetaka kubebwa. Hayo yote nilikuwa naambiwa tangu siku ya kwanza na nikayavalia miwani. Nilijifunza kuusogeza uzi kwa kitana mpaka ukae, na kuuacha ukishakaa. Kuacha ndiko kulikonishinda zaidi. Mkono ulikuwa unataka kuongeza kimoja cha mwisho, cha kuhakikisha, na ilibidi niuweke mapajani kwa nguvu.

Lilipokwisha tukalifua kwa maji ya uvuguvugu, tukalikanda, tukalianika kivulini. Mwalimu akanirudishia miwani. Nilitazama nikatamani kuikalia tena. Kingo zilikuwa zinakwenda zinakotaka. Kwa jicho la kopi, kazi ile ilikuwa ya kurudishwa. Mwalimu akaniambia nifunge macho niguse, nikafunga nikagusa, na kwa kweli kulikuwa na kitu pale. Lakini nilikuwa nimeshawahi kujiamini mara moja, na wote tuliona matokeo. Kwa hiyo nilipita sokoni nikanunua la chui, na zipu yake na plastiki yake, nikalificha kwenye buti la Noah chini ya turubai. Hilo kijana wangu hajui hadi leo. Nadhani.

Tukapanda tena. Mvua ile ile, kiti kile kile, sweta zile zile. Safari hii nililibeba mwenyewe, kwa mkono mmoja. Bibi akalipokea akalipapasa kama mara ya kwanza, macho mlangoni. Nilisubiri neno. Hakusema neno. Akajivika mwenyewe, akalivuta mpaka kidevuni, akajikunyata. Blanketi likalala juu yake lote, likashuka pale aliposhuka na kupinda pale alipopinda, mpaka hukuona tena blanketi, ulimwona bibi amekuwa laini.

Tukaendelea kusubiri. Mzee wao akakohoa. Mshenga wetu akanitazama, mimi nikalitazama buti la gari kupitia dirishani. Ncha moja ya blanketi ilikuwa imeteleza begani kwa bibi, nikainama kuirudisha, na hapo mkono wake ukatoka ndani ukaishika ncha ile pamoja na vidole vyangu vyote vinne, ukarudi navyo ndani. Nikapiga goti pembeni ya kiti nikidhani ana jambo la kuniambia. Nikasogeza sikio. Alikuwa anakoroma.

Pakawa na mkutano wa kunong'ona.

"Tuanze?" mshenga akauliza.

"Hajasema kitu," mmoja wa wajomba zao akajibu.

"Amelala."

"Ndiyo, lakini amekubali?"

Mzee wao, yule aliyetupiga faini, akamtazama bibi kwa muda. Akasema tangu baridi ianze mama yao hajalala vizuri, analalamika usiku kucha, kila mtu kwenye boma anajua. Akavua kofia. "Anzeni," akasema, "ila taratibu." Ndivyo mahari ya kijana wangu ilivyozungumzwa, watu wazima wenye mashati ya kola wakinong'onezana, wakikataa kwa vidole, wakikubali kwa nyusi. Wifi yangu alizuiwa mdomo kwa kiganja kabla kigelegele hakijatoka.

Mimi nilikuwa pale chini. Kila nilipojaribu kuchomoa vidole, bibi alikaza usingizini. Magoti yaliniuma, kisha yakaacha kuuma kwa sababu yalikufa ganzi. Chakula kikatoka. Niliiona nyama ya kuchoma inapita, ndizi zinapita, loshoro ya mahindi inapita kwenye bakuli kubwa, mtindi wake unang'aa, na kila aliyepita nayo alinikonyeza. Mkono wangu ndani ya blanketi ulikuwa umepata joto mpaka kwenye kiwiko. Nilikuwa naigusa kazi yangu kwa upande wa ndani, ule ambao mfumaji haupati, na juu yake mkono mkavu wa mtu aliyelala. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunishika muda mrefu hivyo bila kutaka kitu.

Kijana wangu akaja akachuchumaa mbele yangu na kipande cha nyama kwenye uma. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa anacheka bila sauti.

"Wamekubali, shangazi. Imeisha. Fungua mdomo."

Nikafungua mdomo. Akanilisha, akanifuta kidevu kwa gumba lake, kisha akautazama mkono wangu ulipozamia.

"Nikutoe?"

Nyuma yake binti alikuwa amesimama mlangoni na kitenge kipya, na ndugu wa pande zote mbili walikuwa wanamwashiria kijana wangu kwa mikono aje, aje wapigwe picha kabla mvua haijazidi. Alikuwa bado ananitazama, anasubiri niseme, kama alivyosubiri siku ile na begi lake.

"Nenda, wanakuita," nikamwambia. "Mimi nimeshikwa."